Natembea Tu

Kwetu, ukimkuta mtu asubuhi na mapema ana mkuki begani na mbwa wawili mbele yake, ukamwuliza anakwenda wapi, atakujibu, "Natembea tu." Usicheke. Wala usimwulize kwa nini anatembea na mkuki. Neno kuwinda halitajwi siku ya kuwinda. Wazee wanasema ukilitamka, upepo unalichukua, na mnyama naye ana masikio. Basi katika vijiji vyetu vya Ziwani, huku Mtwara, kuanzia mikorosho ya mwisho mpaka kule ardhi inapoanza kulainika kuelekea mikoko ya Ruvuma, kutembea kuna maana mbili, na mtoto hujifunza kuzitofautisha mapema. Haangalii mkuki. Anamwangalia mama. Mama akiwa anagombana na jirani juu ya kuku, baba amekwenda kutembea kama watu wote. Mama akiwa kimya, anafagia taratibu, anajibu kila kitu kwa upole usio wa kawaida yake, basi baba anatembea. Nyumba ya msasi haigombani mwenyewe akiwa porini. Ugomvi wa nyumbani, wanasema, humfuata mtu huko aliko na kumkwaza miguuni kama mzizi.

Mzee ninayetaka kumwelezea hapa sote tulimwita Msasi. Jina lake lipo kwenye kadi ya kupigia kura, lakini simjui mtu anayelitumia. Shamba lake la mihogo linapakana na la mama yangu, na utoto wangu wote nilimwona akipita pale mpakani: mtu mrefu, mkavu kama ubua wa mtama, kichwa amekiinamisha upande kidogo kama anayesikiliza watu wanaoongea chumba cha pili.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa nguruwe. Mambo haya mawili aliyabeba pamoja bila kuyagonganisha, kama mtu anayebeba mayai na mawe katika kikapu kimoja. Nguruwe pori ndio maadui wa mihogo yetu. Kundi moja likiingia shambani, asubuhi unakuta ardhi imechimbuliwa kama inayotaka kupandwa upya, na chakula cha nyumba nzima kimekwisha. Kwa hiyo kijiji kilipozidiwa, viongozi walimfuata yeye, naye aliwakusanya vijana, nyavu na mbwa. Mnyama akishauawa, hakumgusa. Alielekeza kwa fimbo: huyu mburuteni huku, huyu mfungeni hivi. Mbwa nao aliwafuga mbali, kwenye kibanda ukingoni mwa shamba, na nguo zake za porini hazikuwahi kuvuka kizingiti cha mkewe. Zilining'inia kwenye tawi la mkorosho mwaka mzima, mvua na jua, mpaka zikawa na rangi ya gome. Mbwa akimlamba mkono, aliuosha kama dini inavyotaka, mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilipokuwa mdogo nilidhani udongo ule ni dawa ya kuwinda.

Mbwa wake walikuwa na majina ya kusemesha watu. Wa kwanza ninayemkumbuka aliitwa Watasema. Wa pili aliitwa Waache. Aliwapa majina hayo wakati majirani walipoanza kumsengenya kwamba mtu wa msikitini anafuga najisi. Basi kila asubuhi kijiji kilisikia sauti ikitoka ukingoni mwa shamba, "Watasema! Waache!" na kila mwenye dhambi ya ulimi alijua salamu zake zimefika. Watasema alikufa kwa uzee, Waache akafuata, na mbwa aliyekuja baada yao Msasi akamwita Wamechoka.

Nyama ilikwenda kwa mtani wake. Huyu ni Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, akakulia upande huu, akalima mpunga karibu na mto na kutengeneza baiskeli za watu. Alikuja na baiskeli yake mwenyewe, gunia limekunjwa kwenye keria, na kabla hajashuka alikuwa ameshaanza.

"Ntani wangu! Nnyama gani huyu kakonda hivi? Alikuwa anafunga Ramadhani pamoja na wewe?"

"Amekonda kwa mawazo," Msasi alimjibu. "Alisikia ni wewe utakayemla."

"Mungu anakupenda sana. Kakupa shabaha, kakunyima mdomo."

"Ni kweli. Wa kwangu amekupa wewe, ndiyo maana una miwili."

Wakicheka hivyo, mtani alifunga gunia, akafunga kamba, akaondoka akiyumba kwenye mchanga. Siku iliyofuata mkewe angeleta kapu la mchele. Hakuna aliyeuita mchele ule malipo.

*

Mwili wa Msasi ulikuwa na mambo mengi ya kusimulia, lakini hakuyasimulia yote kwa heshima sawa. Kwenye paja la kushoto alikuwa na kovu refu, limekunjana kama mshono wa gunia. Hilo ni la nguruwe dume. Ukimwuliza, alilimaliza kwa maneno machache: "Mimi ndiye niliyemfuata kwake. Alikuwa na haki." Bega la kushoto halikupanda juu ya sikio tangu alipoanguka kwenye mkorosho wake mwenyewe, akikata tawi kavu mbele ya mkewe aliyekuwa akimwambia ashuke. Hilo alilitaja akiona haya kidogo. Goti la kulia lilizunguka siku mguu wake ulipozama kwenye shimo la muhanga, mnyama yule anayechimba mashimo kisha anahama bila kumwambia mtu. Nalo alilisamehe.

Lakini bodaboda! Bodaboda hakuisamehe. Alikuwa amesimama kando ya barabara ya Msimbati, ametulia, amejisogeza kabisa kwenye majani, akisubiri pikipiki ipite. Pikipiki ikateleza kwenye mchanga, ikamfuata palepale kwenye majani, ikamgonga goti lilelile la muhanga. Habari hii ilimchukua mchana mzima kuisimulia. Alisimama kuonyesha alivyosimama. Aliomba mtu mwingine awe pikipiki.

"Nguruwe ukimpisha, anapita," alisema. "Simba ukimpisha, anapita. Kijana wa bodaboda ukimpisha, anakuja kukuuliza kwa nini umempisha."

Tangu siku hiyo, mtu aliyeingia vichakani akimfuata dume lililojeruhiwa alikuwa akisikia mlio wa pikipiki kwa mbali anatafuta mti wa kujificha nyuma yake.

Pole hakuitaka. Ukimwambia, "Pole na mguu, babu," alikujibu, "Uambie wenyewe. Mimi mzima." Na kuna methali moja ya Kiswahili ambayo ilimkera, ile isemayo msasi haogopi miiba. "Aliyeitunga alikuwa na viatu," alisema. "Mimi naogopa kila mwiba. Ndiyo maana bado nina macho yote mawili."

Goti alilipa cheo. Alilifanya mkwe. "Huyu ni mkwe wangu," alisema akilipapasa kabla ya kuinuka. "Siwezi kugombana naye, siwezi kumtangulia, na nikitaka kwenda mahali lazima nimsubiri avae." Kisha alikaa kidogo, kweli kama mtu anayemsubiri mgeni wa heshima, halafu akainuka taratibu. Hakulaani. Sikuwahi kumsikia akilaani kiungo chake chochote. Alizungumza na mwili wake kama mtu aliyeoa katika ukoo mgumu na akaamua kuishi nao vizuri.

*

Kuwinda kwetu ni kwa nyavu. Wavu wa kamba ya katani unatandazwa kwenye njia ya wanyama, watu wachache wanajificha nyuma yake, na wengine wanakwenda upande wa pili na mbwa, wanapiga kelele, wanasaka. Ujanani Msasi alikuwa msakaji. Alikimbia na mbwa, na waliomwona wanasema hukujua yupi anamfuata mwenzake. Goti lilipoharibika, wenzake walimwambia akae kijijini na wazee. Fungu lake la heshima lingemfikia. Yeye, ambaye nyama yenyewe hakuila, akauliza, "Fungu la nini?" Akahamia kwenye wavu.

Alikwenda na kigoda. Kilikuwa kigoda kidogo cha miguu mitatu, alikifungia mikanda ya begi la shule la mjukuu wake na kukivaa mgongoni. Vijana walikufa kwa kicheko. "Msasi anakwenda kikaoni!" walisema. "Mwenyekiti, ajenda ya leo ni nini?" Naye alijibu, "Ajenda ni ninyi kunyamaza." Akaketi nyuma ya wavu, fimbo magotini.

Msimu mmoja wa mabibo, nguruwe walikuwa wanakuja kula mabibo yaliyoanguka na kuchacha chini ya mikorosho, na wengine wanaondoka wamelewa kama watu waliotoka kwenye uraka, pombe ya mabibo. Vijana walisaka upande wa bondeni. Jike kubwa likachomoka, si pale walipotarajia bali upande wa Msasi, likaingia wavuni likiyumba, kichwa mbele. Ilikuwa zamu ya Msasi kuinuka na mkuki. Mkwe akakataa. Goti lilikuwa limekaza kabisa, na wavu ulikuwa unang'oka vigingi kimoja baada ya kingine. Hakuita mtu. Alikichomoa kigoda chini yake, akaanguka kwa makalio, na palepale chini akakirusha kwa mkono wake mzima, kikampata mnyama katikati ya macho. Mpaka vijana walipofika, jike limezimia na Msasi ameketi mchangani mbele yake, wakitazamana, yeye akiwa ameushika wavu kwa mguu ule mbaya.

Kigoda kilivunjika mguu mmoja. Mtani wake alichonga mwingine, wa mpingo, kwa hiyo mpaka leo kina miguu miwili ya mwembe na mmoja mweusi. "Kimepata jeraha la kazi," Msasi alisema. "Sasa tunafanana."

Bega lilipokataa mkuki, akaacha mkuki. Kazi iliyobaki ikawa ya macho na masikio: kuonyesha wavu utandazwe wapi. Alitangulia pole pole na fimbo, akiinama, akigeuza jani, akigusa ukingo wa unyayo kwa ncha ya kidole kuona kama umeanza kukauka. "Nilipokuwa na magoti mawili nilikuwa naruka nyayo," aliniambia siku moja. "Sasa nazisoma." Na vijana walipoona aibu kumngoja, aliwaambia maneno ambayo mpaka leo yanatumika kijijini kumtetea kila mtu mwenye mwendo wa kobe: "Mnyama hakimbii umri. Anakimbia kishindo."

*

Ana binti, mtoto wake mkubwa, fundi cherehani kule Likombe, pembeni mwa mji wa Mtwara. Nilipohamia Likombe nilipanga jirani naye, na kwa kuwa tumetoka mashamba yanayopakana, akawa dada yangu. Ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Nimemwona akigombana na mteja, muuza samaki na kondakta katika pumzi moja, na wote watatu wakaondoka wakimwomba radhi. Lakini moyo wake wote ulikuwa kwa baba yake, hasa baada ya mama yake kufariki. Kwa hiyo bodaboda ilipomgonga Msasi, dada ndiye aliyemleta mjini, na mimi nikawasindikiza hospitalini.

Tulimwona daktari wa mazoezi ya viungo, kijana mpole kutoka bara, mgeni kwetu. Alilikunja goti, akalinyoosha, akalisikiliza kwa vidole. Kisha akasema,

"Mzee, dawa yako kubwa ni moja. Utembee."

Msasi akainua kichwa. "Nitembee?"

"Kila siku. Na asubuhi ni nzuri zaidi, kabla ya jua kali."

"Asubuhi ndiyo yenyewe," Msasi alikubali, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mwenzake wa fani.

"Ila usiende peke yako. Awepo wa kukusindikiza."

"Yupo. Anaitwa Wamechoka."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anavuta pumzi.

"Daktari, wewe una akili timamu? Mtu goti limevimba kama boga, unamwambia akatembee?"

"Mama, akikaa tu goti litakaza zaidi. Kutembea ni muhimu."

"Na akikutana nalo? Lile dume lililomchana paja litamwamkia shikamoo?"

Daktari akanitazama. "Dume gani?"

"Tunatembea kidogo kidogo," Msasi aliingilia kwa upole, akimsaidia kijana. "Daktari hajasema mbali."

"Sijasema mbali kabisa," daktari alisema, akishukuru. "Sehemu tambarare. Na fimbo."

"Fimbo!" Dada akapiga makofi. "Mkuki bega limemnyang'anya, sasa serikali inampa fimbo! Watu wazima mmekaa hapa mmevaa makoti meupe mnampangia mzee wa watu safari ya kutembea!"

Nikaona nisipoingilia tutafukuzwa wote. Nikamweleza daktari kwamba kwetu neno hilo lina maana mbili, na kwamba dada amesikia ile ya pili. Daktari alimtazama dada, akamtazama Msasi. Kisha akavua miwani na kucheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka naye bila kujua kisa. Akamgeukia Msasi. "Mzee, na wewe ulikuwa umesikia ipi?"

Msasi alitazama dirishani. "Nilisikia ulivyosema."

*

Dada hakucheka. Siku ile alifanya uamuzi. Baba yake hatarudi kijijini. Akampa chumba kizuri, chandarua kipya, na ua wenye sakafu ya saruji na ukuta pande zote, ambapo mtu anaweza kutembea asubuhi kwa maana ya kwanza tu.

Msasi alitii. Alizunguka ua ule kila asubuhi na fimbo ya daktari, na goti likaanza kupona. Nilipita kumsalimu. Alisema yu mzima, chakula kizuri, mwanawe amemtunza. Ni kweli. Lakini nilipomwuliza kama kuna anachokikosa, aligonga saruji kwa fimbo.

"Hapa hakuna hata panya," alisema.

"Wapo wengi, babu."

"Wa mjini. Wanakula sabuni."

Dada ndiye aliyegundua jambo lenyewe. Alikuja kwangu siku moja, uzi umemning'inia kwenye kanga, akakaa bila kukaribishwa. "Baba amekuwa kiziwi," alisema. Nikashangaa. Mtu anayesikia mbawala akitafuna? "Namwita mara ya kwanza hageuki. Namwita mara ya pili ananitazama mdomo." Akanyamaza, jambo lililonitisha zaidi ya habari yenyewe. Kisha akasema, "Si kwamba hasikii. Ameacha kusikiliza. Hakuna cha kusikiliza."

Wiki hiyohiyo alikodi bajaji, akampeleka nyumbani mwenyewe, na njia nzima alimgombeza kana kwamba ni yeye aliyeomba kurudi. Nilikaa kando ya dereva. Kichwa cha Msasi kilikuwa kimeanza kuinama upande tena kabla hatujafika kwenye mikorosho.

Pale uani, mbele ya mlango, dada alitoa sharti lake.

"Daktari amesema utembee, utembee. Lakini siku ukienda porini, unipigie simu useme. Ukianguka, nijue pa kuanzia kukutafuta."

"Neno hilo halisemwi."

"Baba."

"Halisemwi, mwanangu. Nikilisema sitapata kitu. Utakuwa umenituma kupigwa jua."

"Na mimi nikae mjini kila ukisema unatembea nisijue uko barabarani au uko kwenye meno ya mnyama?"

Wamechoka alilala katikati yao, akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani dada atamrudisha baba yake kwenye bajaji. Badala yake niliona uso wake unabadilika, kama fundi anayegundua kuwa kitambaa kikigeuzwa kitatosha.

"Basi useme siku nyingine zote," alisema.

"Vipi?"

"Siku za mazoezi, useme unakwenda kuwinda. Lipaze. Upepo ulichukue, nguruwe wakimbilie Msumbiji, mimi sijali. Na siku ya kweli, useme unatembea."

Msasi alicheka mpaka akalishika goti kwa mikono miwili. "Mkwe," aliliambia, "umesikia maneno ya huyu mtoto?"

*

Mazoezi yake aliyafanyia kwenye njia iliyosafishwa juu ya bomba la gesi, ile inayokatiza mashamba kutoka upande wa Msimbati. Ni ndefu, imenyooka, haina visiki. Kila asubuhi alimpigia binti yake kwa kile kisimu chake cha tochi, akiwa bado uani, na kwa kuwa aliamini simu ya mbali inahitaji sauti kubwa, kijiji kizima kiliamka naye.

"Nakwenda kuwinda! Eeh! Kuwinda!"

Watoto walimwitikia. Mtani wake, akipita na baiskeli, alilalamika. "Ntani wangu, unatangaza kama nnada! Nguruwe wote wamehamia kwenye npunga wangu!"

"Wape salamu."

Kule Likombe, dada alipokea simu hizo akiwa kwenye cherehani. Mwanzoni alifurahi waziwazi. Alikata simu na kuniambia, "Anawinda," tukacheka. Miezi ikapita. Fimbo ikawa ya kuzugia tu. Msimu wa mvua ukaja, mihogo ikapandwa, mvua zikakata. Kila asubuhi, kuwinda. Na pole pole niliona akiipokea simu bila kucheka. Siku moja aliiweka mezani, akapitisha uzi kwenye sindano, akakosa, akapitisha tena.

"Nilidhani nitakuwa nafurahi kila nikilisikia," alisema. "Mtu aliyekuwa anaogopa kulitaja."

Nilimwelewa. Kila asubuhi baba yake alilitupa lile neno kama mtu anayetupa mbegu ambazo hana tena shamba la kuzipanda. Dada alikuwa ameshinda, na ushindi ule ulikuwa umeanza kumkaa vibaya.

*

Mabibo yalipoanza kuanguka mwaka huo, mama alinipigia kwamba nguruwe wameingia shambani kwetu, wamelala kabisa kwenye mihogo kama waliopangishwa. Nikaenda kumsaidia kuokoa kilichobaki. Dada akaja nami, kuokota korosho za baba yake, na tukalala kwa Msasi.

Asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki, dada anachambua mchele kwenye ungo, anagombana kwa simu na mteja aliyetaka gauni libanwe kiuno kisha akalalamika kwamba limebanwa kiuno. Msasi akatokea upande wa mkorosho. Alikuwa amevaa zile nguo za rangi ya gome. Kigoda mgongoni. Shingoni filimbi yake ya pembe ya paa, aliyokuwa akiwaitia mbwa. Mbali kidogo, kwenye njia ya bomba, vijana walikuwa wamesimama na nyavu zimekunjwa, wakimsubiri kimya.

Dada alimwona. Akasema kwenye simu, "Nitakupigia," akakata.

Msasi hakuwa na haja ya simu siku hiyo, binti yake alikuwa mbele yake. Alisimama akiegemea fimbo. Hakupaza sauti.

"Natembea tu, mwanangu."

Sijui nilitarajia nini. Mkono wa dada ulikuwa umesimama juu ya ungo. Nilimwona anatazama paja, bega, goti, kila mahali alipowahi kumfunga bandeji na kila mahali alipowahi kufungwa kabla yeye hajazaliwa. Mdomo wake ukafunguka, nami nikajiandaa.

Akainuka. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya maji, akamtundikia begani, lile zima. Akazunguka nyuma yake, akavuta mikanda ya kigoda ikae sawa, kama anavyomvutia mteja gauni mabegani.

"Haya, baba," alisema.

Msasi akalipapasa goti. Akasubiri kidogo mkwe avae. Kisha wakaondoka wote: mzee, mkwe na Wamechoka, ambaye naye alikuwa amezeeka, na hakuna aliyemwacha mwenzake nyuma. Alitembea kwa hatua fupi, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukikubaliana nao. Walipofika kwa vijana, nilimwona anainama, anagusa mchanga kwa kidole, na kichwa chake kinainama upande, kikisikiliza. Kisha mikorosho ikawafunika.

Jua lilikuwa limepanda tuliposikia baiskeli. Mtani alikuwa anakuja, gunia limekunjwa kwenye keria, kwa sababu habari za nyavu husafiri kwetu hata zisiposemwa. Kutoka mbali alimwona dada, na uso wake ukang'aa.

"Eeeh! Fundi wa Ntwara! Nasikia ulimshonea ntu suruali mguu mmoja, ukamwambia mwingine njoo kesho! Ndo maana umekimbilia kwa baba, wateja wanakutafuta na fimbo?"

Sijawahi kumwona dada akiacha kejeli kama hiyo ipite. Ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni, imefungwa vizuri, imetulia mbele yake. Nilimwona anaifikiria. Nilimwona anapata jibu, jibu zuri, maana pembe za mdomo wake zilitetemeka. Akalimeza.

"Karibu, baba mdogo," alisema. "Umeamkaje?"

Mtani alinigeukia. "Anaumwa huyu?"

"Haumwi," nilisema.

Dada alichukua ufagio. Akaanza kufagia ua ambao alikuwa ameshaufagia, taratibu, bila kutimua vumbi, kama mama yake alivyokuwa akifagia.

"Leo sikujibu," alimwambia kwa upole. "Baba anatembea."

Mtani akatulia. Akatazama tawi la mkorosho ambalo nguo hazikuwepo. Akashuka kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka ukutani akiwa ameishika kengele kwa kiganja isije ikalia, akavua kofia, na akakaa kusubiri nasi.